Tikiti la Bi Sevinchi

Jana usiku niliota nimeshika kisu, na tikiti lililo mbele yangu linaniuliza kama nimekinoa.

"Nimekinoa," nikasema. Sikuwa nimekinoa. Lakini ndotoni, kama ilivyo ukiwa macho, mtu akiulizwa jambo na mgeni hujibu lililo jema kwanza, mengine yatajulikana mbele ya safari.

"Hukukinoa," likasema tikiti. "Ila nimependa ulivyojibu upesi. Kaa."

Nikakaa. Tulikuwa uani, katika mji wa Kocho, kwa Wauiguri, pembeni mwa jangwa, zamani sana. Hakuna aliyeniambia hayo. Ndotoni mtu hapewi taarifa, anajikuta nazo tu, kama anavyojikuta na chawa. Nilitazama miguuni nikaona nimevaa viatu vya ngozi vilivyopanda mpaka magotini, na juu yake suruali yangu ya kulalia, ile ya mistari. Watu waliopita nje ya ua waliniinamia. Nadhani mistari huko ni vazi la watu wa maana.

Tikiti lenyewe lilikuwa la manjano, refu kidogo, ngozi imekunjamana upande mmoja. Lilikuwa limewekwa juu ya mto wa hariri, na lilinukia vile linavyonukia tunda ambalo jana ndiyo ilikuwa siku yake.

"Mimi ni Bi Sevinchi," likasema. "Nilikuwa mwanamke wa mji huu. Nina watoto wawili wa kiume, wote watawa, na hawajala pamoja tangu waingie utawa. Nataka wale pamoja leo. Chakula chenyewe ni mimi. Ikifika jioni nitakuwa nimeoza, maji matupu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bi mkubwa."

"Hujanielewa. Lakini wanakuja, watakueleza kwa kugombana. Hapa kwetu mambo hueleweka hivyo."

Mlango wa kushoto unafunguka. Anaingia mtu mweupe tupu: joho jeupe, kofia ndefu nyeupe, na ndevu ambazo naona zimelazimishwa nazo kuwa nyeupe. Huyu ni Yaruk, mkubwa. Ni Mteule katika dini ya Mani. Dini hiyo inasema nuru ya Mungu imefungiwa ndani ya vitu, na kwa wingi zaidi ndani ya matikiti, matango na zabibu. Mteule akila tunda, nuru iliyomo hufunguliwa, ikapanda mwezini kama abiria. Ila Mteule mwenyewe hachumi wala hakati, maana kukata ni kuijeruhi ile nuru. Wanasema mdomo wake na mikono yake imetiwa muhuri. Nilipata kusoma mahali kwamba hiyo ni lugha tu ya dini. Ndotoni ni nta nyekundu, imebandikwa, naiona.

"Amani, mgeni," akasema Yaruk. Muhuri wa mdomoni ulipanda na kushuka kama kifuniko cha birika linalochemka, na maneno yakapenya chini yake. "Samahani kwa kelele. Maneno yanapita. Chakula hakipiti mpaka jua lizame."

Mlango wa kulia nao unafunguka. Anaingia Turmish, mdogo, mtawa wa Budha, kichwa kimenyolewa, joho rangi ya matofali. Amebeba sinia la mchanga na katikati ya mchanga amechomeka kijiti. Anakiangalia kivuli cha kijiti kile kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Pembeni mwa midomo yake inaning'inia kamba.

"Hii ni ya nini?" nikauliza.

"Ya adhuhuri," akasema Turmish. "Sisi tunakula asubuhi. Kivuli kikigusa huu mstari, kamba inajivuta, mdomo unafunga kama mfuko wa ulezi. Mpaka kesho."

"Basi kula sasa."

"Siwezi. Tunda lina mbegu, mbegu ina uhai. Mpaka mtu wa kawaida, asiye mtawa, alitie kisu kwanza."

Nikawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo wote wawili mnasubiri mtu wa kukata."

"Wewe," wakasema kwa pamoja.

Bi Sevinchi akasema hilo ni jambo la kwanza wanalokubaliana tangu wabaleghe.

"Na dhambi ya kukata," nikauliza, "inakwenda kwa nani?"

Watawa wote wawili wakatazama mawingu.

Yaruk akaliinamia tikiti, akaweka mikono yake yenye mihuri kifuani, akaanza dua ambayo Wateule huiambia chakula kabla ya kula, ili kijue hawana hatia. "Si mimi niliyekuchuma. Si mimi niliyekubeba. Si mimi niliyekupasua."

"Muongo," likasema tikiti. "Wewe ndiye hasa uliyenipasua. Mkunga alichoka akaenda zake kula."

Turmish akaanza kucheka.

"Na wewe usicheke. Wewe ulitanguliza miguu."

Akaacha kucheka.

Nikaona nafasi, nikauliza lililokuwa linaniwasha. "Bi mkubwa, ilikuwaje ukawa tikiti?"

"Haraka zangu," akasema. "Asubuhi nilikuwa napeleka wali kwa watawa wa Budha. Jioni napeleka matikiti kwa Wateule. Majirani wakiniuliza niko upande gani, nawaambia niko upande wa jikoni. Yote yalikwenda vizuri mpaka nikafanya kosa la kufa alasiri. Alasiri hawa wameshakula, wale bado. Nilipofika huko waendako wafu nikakuta madirisha yote mawili yamefungwa. Nikakaa shambani kungoja. Na shamba letu lilivyo, ukikaa muda unaota mizizi."

Aliyasema haya kama mtu anayesimulia alivyokosa basi.

"Mama ni nuru," akasema Yaruk. "Jua likizama nitamla, atapanda mwezini, apumzike."

"Jua likizama utakuta uji," akasema Turmish. "Nitamla sasa hivi, fadhila ziwe zake, azaliwe pema."

"Azaliwe tena? Apike tena, afue tena, akuzae tena wewe na miguu yako mbele?"

"Afadhali hivyo kuliko kumpakia mwezini kama gunia la pamba."

"Niulizeni mimi," likasema tikiti.

Hawakumuuliza. Nimeziona nyumba nyingi za namna hii, na si zote ziko Kocho.

Hapo tone likatoka. Lilichuruzika kwenye ile ngozi iliyokunjamana, likaanguka juu ya hariri, na pale lilipoanguka palikuwa na mwanga mdogo, kama wa kimulimuli. Yaruk alijikunja kama aliyechomwa mwiba. Turmish aliinamia sinia lake, akasogeza mchanga kwa kidole, kisha akaurudisha, maana kuidanganya adhuhuri nako ni kosa. Ugomvi ukaisha ghafla. Nikagundua kwamba wanaume hawa hawakuwa wakali. Walikuwa wanaogopa.

"Wewe mwenye mistari," Bi Sevinchi akaniambia kwa sauti ya chini. "Fanya jambo. Mmoja anataka adhuhuri isiwe imefika. Mwingine anataka jua lisiwepo. Niletee wakati wenye vyote viwili."

"Nautoa wapi?"

"Kamuulize aliye ukutani."

Niligeuka kutafuta ukuta, na ua ukawa pango. Sikutembea. Pango ndilo lililokuja. Lilikuwa hekalu lililochongwa mlimani, lilikuwa la Wateule kwanza, sasa ni la watawa wa Budha, na waliohamia walikuwa wamekandika udongo mpya juu ya michoro ya zamani wakachora yao. Harufu ya udongo mbichi na majani makavu. Ukutani amekaa mtawa wa Budha, wa kuchorwa kwa rangi, miguu imekunjwa, rangi bado haijakauka.

"Kuna mtu hapo?" ikasema sauti kutoka chini ya udongo. "Niondolee tope puani, tafadhali."

Nikakwaruza kwa ukucha. Likatokea jicho, kisha pua, kisha kipande cha kofia nyeupe. Mteule wa zamani, wa rangi naye, imepauka.

Yule mtawa wa juu akajisogeza kidogo. "Mniwie radhi," akasema. "Nimemkalia. Si kwa chuki. Mchoraji alisema ukuta ni mmoja."

"Tumeshazoeana," akasema wa chini. "Watu wa mji huu humwita Mani wetu Budha wa Nuru. Wakiomba, nusu ya maombi inaingia kwake huyu kwa makosa, na ya kwake inavuja mpaka kwangu. Jioni tunarudishiana."

"Siku nyingine hatuhangaiki," akasema wa juu.

Nikawaeleza shida ya tikiti. Walisikiliza kwa makini, mmoja kwa macho mawili, mwingine kwa jicho lililokwaruzwa.

"Huyo mama namjua," akasema wa juu. "Wali wake una chumvi nyingi."

"Matikiti yake ni safi," akasema wa chini. "Sikiliza, bwana. Juu ya bega langu, chini ya tope hili, kimechorwa chombo. Ndio mwezi. Unapakia nuru kwa wafuasi wetu, unaipeleka juani, unashusha, unarudi mtupu. Leo uko karibu na jua, umemaliza kushusha. Ukiukwaruza utaingia. Muombe mwenye chombo apite mbele ya jua, badala ya kupita chini yake kama ilivyo kawaida yake."

Nakwaruza. Ukucha unaingia ukutani, halafu kidole, halafu mkono mpaka kwapani. Mtawa wa juu ananisukuma mgongoni kwa adabu.

Ndani ya mwezi pako kama ndani ya ganda la yai. Peupe, panateleza, na sauti yako inakurudia kabla hujamaliza kusema. Mwanamke mnene aliyevaa joho la fedha alikuwa anafagia chembe za mwisho za mwanga na kuzisukumia mlangoni, na nje ya mlango ule jua lilikuwa linapokea kwa mdomo wazi. Sikuweza kulitazama.

"Tumefunga," akasema bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama. Kuna mzigo wa mwisho."

"Upo wapi?"

Hapa sasa. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mzigo uko juu ya mto wa hariri, haujakatwa, hauwezi kukatwa mpaka yeye apite mbele ya jua, na yeye hawezi kupita mbele ya jua mpaka aone mzigo. Ukweli ule ulikuwa duara, hauna pa kushika. Lakini mimi nilifanya kazi ya mizigo mpaka nikastaafu, na kwa watu wa mizigo liko neno moja ambalo halihesabiwi uongo. Ni salamu.

"Uko njiani," nikasema.

Akaacha kufagia. "Njiani wapi?"

"Nimeuacha pale kona. Unakuja."

"Ni mzigo gani?"

"Mama mzima. Amezaa watawa wawili."

Akaegemea ufagio akafikiri. "Mama mzima ana nuru nyingi," akasema. "Huyo siwezi kumwacha. Lakini nikusikilize vizuri: nikikuta pungufu, pengo unaliziba wewe. Una nuru kiasi gani?"

Nikasema ninayo ya kutosha kusomea gazeti.

Akanitazama kama wanaume wanavyotazamwa na wanawake wa aina ile, akavuta mtaimbo. Mwezi ukatoa mlio kama wa kabati linaloburutwa sebuleni.

Niko uani. Yaruk na Turmish wamekaa kila mmoja upande wake wa mto, kama nilivyowaacha, ila sasa Turmish ameshika ncha ya kamba yake kwa vidole viwili kuizuia. Kivuli cha kijiti kimebakiza upana wa ukucha kufikia mstari.

Mwanga unapungua. Haupungui kama jioni, unapungua kama taa inayoishiwa mafuta. Kuku wa jirani wanapanda mtini wakilalamika. Baridi inashuka. Kivuli cha kijiti kinafifia, kinatoweka, na mstari haujaguswa.

"Jua halipo," akasema Yaruk.

"Adhuhuri haijafika," akasema Turmish.

Nta ya mdomoni ikadondoka, tap, juu ya jiwe. Kamba ikalegea.

"Kata," akasema Bi Sevinchi. "Na usiniombe radhi. Wamenitosha wa kuniomba radhi."

Nikakata. Kisu kilikuwa butu, na hakusema kwamba alinionya, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angesema. Ndani alikuwa mweupe kuelekea kijani, na mbegu zake zilikuwa zimejipanga kama watu waliokaa kungoja kuitwa. Kila kipande kilikuwa na mwanga wake. Hatukuhitaji taa.

Yaruk alichukua cha kwanza kwa mikono ambayo muhuri ulikuwa umeachia alama nyekundu. Hakula. Alimpa mdogo wake.

"Wewe unapenda cha katikati," akasema.

"Nilikuwa napenda," akasema Turmish. "Zamani. Wewe ulikuwa unaninyang'anya."

"Ndiyo maana nakumbuka."

Wakala. Mimi nimehudhuria karamu nyingi, za harusi na za kupokea wakubwa, na sijaona watu wanakula hivyo. Walikula bila kutazamana, maji yakiwashuka mpaka viwikoni, kisha wakatazamana. Hapo mama akaanza kuongea tena, na kwa kuwa sasa alikuwa ndani yao, akaongea kwa midomo yao.

"Futa kidevu," ukasema mdomo wa Yaruk.

"Na wewe ndevu," ukasema mdomo wa Turmish.

"Mmekonda," ukasema wa Yaruk.

"Wote," ukamalizia wa Turmish.

Walikaa hivyo, wakikaripiana kwa sauti ya mama yao, wakilia machozi ambayo wala hawakuyafuta, mpaka likabaki ganda tupu.

Kisha Yaruk akacheua. Ukamtoka uzi wa mwanga, mwembamba, ukasimama wima juu ya kofia yake na kupanda, kupanda, hadi ukashika chini ya mwezi. Turmish hakucheua. Kwake ulikuwa joto tu. Lilimtoka kifuani, likapita karibu na shavu langu, nikalisikia kama pumzi ya mtu anayepita mlangoni. Likatoka nje ya ua, likafuata barabara, likakata kushoto kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Ndani ya nyumba ile mwanamke alikuwa anaguna. Halafu akanyamaza. Halafu kitoto kikalia.

Watawa wale walitazama juu, wakatazama nyumba yenye mlango wa buluu. Nilingoja mmoja amwambie mwenzake, "Si nilikuambia?" Badala yake Turmish aliokota mbegu moja kutoka kwenye goti la kaka yake, akaiweka kwenye mchanga wa sinia lake, akaifukia.

"Wewe mwenye mistari," ikaita sauti kutoka juu.

Yule mwanamke wa mwezini alikuwa amechungulia ukingoni, ameshika ule uzi wa mwanga mkononi, anaupima kwa macho.

"Huyu ni nusu," akasema.

"Nusu nyingine iko njiani," nikasema.

"Naiona njiani. Inakwenda kinyume, imeingia nyumba ya watu. Sasa inanyonya." Akanyoosha mkono, na mkono ule ulikuwa mrefu kama ndoo ya kisimani na kamba yake. "Tulikubaliana. Njoo uzibe pengo."

"Ngoja nivae vizuri."

"Nangoja," akasema. "Naegesha hapa hapa, mbele ya jua. Siondoki."

Nikakimbia. Viatu vile vya ngozi vilikuwa vizito, na suruali ya kulalia ina kiuno kilicholegea. Kidole cha baridi kinanigusa kisogoni. Nashika suruali kwa mkono mmoja, nakanyaga ganda la Bi Sevinchi, naanguka.

Nikaamka nimeshika suruali. Nilikuwa nyumbani kwangu Same, kitandani, na asubuhi ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Nilikuwa nimepitiliza, wala mke wangu hakuniamsha. Hilo peke yake si la kawaida.

Nikamkuta sebuleni, Mama Mbonea, amesimama na ufagio mkononi, hafagii. Anatazama chini.

Bati letu la sebuleni lina matundu ya misumari, mvua yenyewe inayajua yote. Asubuhi jua hupenya humo na kuangusha sakafuni vidoa vya mwanga, vya duara, kama vifungo vya shati. Miaka yote duara. Leo hakuna hata kimoja kilichokuwa duara. Kila kimoja kilikuwa kimeng'atwa upande ule ule, kikabaki kipande chembamba kilichopinda, na vyote vimetandazwa sakafuni, vimejipanga, kama tikiti lililokatwa kwa ajili ya wageni.

"Baba Mbonea," akasema, "hebu ona. Jua limepatwa na nini?"

"Limeegeshewa."

"Na nani?"

Nikaukumbatia ukuta, nikaanza kwenda zangu uani kwa vidole vya miguu, nikipita penye giza, nisikanyage hata kipande kimoja.

"Mbona unatembea kama mwizi nyumbani kwako?"

"Kuna mtu huko juu ana pungufu ya mzigo wake," nikamwambia, "na sitaki ajue kama nimeshaamka."

Mama Mbonea alinitazama. Akaitazama sakafu, akautazama ufagio. Kisha akauegemeza ukutani taratibu, akaenda kufunga dirisha.